Mkono Aliopewa Wakili Brekke

Mtu akiwaambia kwamba Orlin Brekke alikuwa mwizi, mwambieni ni mwongo, na mkitaka mseme nimesema mimi. Hakubeba hata kalamu ya serikali kwenda nayo nyumbani. Alikuwa mwendesha mashtaka wa kaunti yetu, akawa seneta wa jimbo, mwisho akapanda mpaka Mwanasheria Mkuu wa jimbo zima, na muda wote huo suti yake ya maana ilikuwa moja. Kilichomfanya atembee akitazama viatu vyake ni kitu kingine kabisa. Hapa mjini Halvard kila mtu anakijua na hakuna anayekisema, kwa sababu hapa watu hawasemi mambo. Watakumiminia kahawa, watakuuliza habari za mvua, watakumiminia nyingine, na lililowakaa rohoni watazikwa nalo.

Alizaliwa nyuma ya karakana ya baba yake, mhunzi wa Kinorwe aliyetengeneza majembe ya plau na kutukana kwa lugha mbili. Mama yake, Gudrun, ndiye aliyesema mtoto huyu hatashika nyundo, atashika sheria. Basi akasoma, akarudi na cheti chake, akafungua ofisi juu ya duka la misumari na rangi. Alikuwa akiandika wasia za wazee na kuamua ugomvi wa mipaka ya mashamba. Halafu tukamchagua kuwa mwendesha mashtaka, na hapo ndipo tulipompenda hasa.

Mwaka mmoja Alvin Stoltz alilewa chakari, akapanda trekta lake, akaenda kuligonga kwenye ukuta wa kanisa la Kilutheri. Wengine walitaka Alvin afungwe. Orlin akamsimamisha mbele ya hakimu, akamfanya akiri, akaomba hukumu iwe kuujenga ukuta upya. Jumamosi ya kwanza Alvin alipofika na ndoo zake, alimkuta mwendesha mashtaka mwenyewe kakunja mikono ya shati, anakoroga saruji.

"Wakili, na wewe umeshtakiwa kwa kosa gani?" Alvin akamuuliza.

"Kosa la kukaa ofisini mno. Lete maji."

Ndivyo alivyokuwa. Asubuhi alikunywa kahawa na wanaume wa mjini kwenye mkahawa wa stesheni, pale wanaporusha dadu kuona nani atawalipia wenzake, na Orlin alikuwa na mkosi wa dadu ambao sijauona kwa binadamu mwingine. Walimcheka mpaka machozi yakawatoka. "Wakili, nenda Seneti bwana," walimwambia. "Huko hawarushi dadu. Huko hata wewe utashinda." Utani ukageuka kampeni, na kampeni ikampeleka Seneti.

Seneti yetu hukaa wakati wa baridi, maana nusu ya maseneta ni wakulima, na mkulima ukimwita bungeni wakati wa kupanda atakuona umechanganyikiwa. Wote hulala kwenye hoteli moja ya matofali karibu na reli, hula supu ya mbaazi kwenye chumba kimoja, na hukoroma kuta kwa kuta, wawe wa chama hiki au kile. Meza ya Orlin ilikuwa pembezoni, na ng'ambo ya ujia alikaa Clement Vosika wa chama cha upinzani, mkulima Mcheki kutoka Bonde la Antler, jitu la miraba minne lenye viganja kama sufuria. Kila Jumatatu Vosika alikuja na sahani iliyofunikwa kitambaa, ndani yake maandazi yao yenye jamu ya plamu katikati, aliyoyaoka mkewe Adeline.

"Kula, Mnorwe," Vosika alikuwa akisema. "Kwenu mnakula samaki aliyelowekwa kwenye magadi, halafu mnashangaa kwa nini hamcheki."

"Na nyie mnakula jamu asubuhi, mchana na jioni, halafu mnashangaa suruali haifungi."

"Suruali yangu inafungwa na ukanda. Wewe roho yako inafungwa na nini?"

Walibishana kuhusu kodi, kuhusu shule, kuhusu kila kitu, na jioni wakacheza karata pamoja. Orlin mwenyewe alimwambia mkewe Harriet kwamba katika chama chake chote hakuwa na rafiki kama yule wa chama cha pili.

Sasa kulikuwa na jambo la bwawa. Miji ya huku kwetu ilikuwa na kiu, visima vinatoa maji ya chumvi, na chama cha Orlin kilileta mswada wa kuuziba Mto Antler. Kwetu bwawa lilikuwa neema. Kwa watu wa bonde lilikuwa gharika. Mashamba yao yangekwenda chini ya maji, na kanisa lao la mawe, na makaburi yaliyolizunguka, tangu ya wazee wa kwanza waliokuja na masanduku ya mbao kutoka kwao Bohemia. Vosika alipigana na mswada ule kufa na kupona, na Orlin aliuunga mkono, na wala hawakuvunjiana urafiki. Kila mtu anatetea kwake.

Wiki ya kupiga kura, Adeline akafa. Moyo ulisimama akiwa jikoni.

Hapa inabidi niwaambie desturi ya jozi. Seneta akifiwa au akiuguliwa siku ya kura, humtafuta mmoja wa upande wa pili, wakapeana mkono. Yeye huenda msibani, na yule mwenzake hukaa kimya kwenye kiti chake, hapigi ndiyo wala hapana. Hivyo kura mbili zinafutana na hakuna anayepata hasara. Haiandikwi popote. Hakuna shahidi. Ni mkono tu, na tangu jimbo liwe jimbo hakuna aliyewahi kuuvunja.

Orlin hakungoja kuombwa. Alimfuata Vosika kwenye chumba cha makoti, akamkuta anajaribu kuvaa koti na mkono hauingii kwenye tundu.

"Clem, nenda kamzike mkeo. Nitakaa kimya."

Vosika akamtazama. "Adeline mwenyewe angeniambia nibaki nipige kura. Ardhi imeganda, angesema, mimi nipo tu, nitasubiri." Akatafuta tundu la koti tena. "Lakini ukiwepo wewe, nitakwenda."

Wakapeana mkono. Orlin akamsaidia kuvaa koti.

Siku ya kura, kule bondeni wana wa Vosika walikuwa wamekesha wakichoma nyasi na makaa juu ya ardhi ili barafu ilegee waweze kuchimba. Huku Seneti karani alisoma majina. Lilipofika la Brekke, Orlin akasema, "Nina jozi na Seneta Vosika, sipigi kura," na karani akaendelea. Hesabu ilipotoka, kura zilikuwa sawasawa. Kwa kanuni zetu mswada uliolingana umekufa.

Wakaenda kula mchana. Royce Tillotson, kiongozi wa chama cha Orlin, alivuta kiti akakaa naye meza moja. Tillotson alikuwa muuza bima, na sauti yake ilikuwa laini, ya mtu aliyezoea kuzungumza na wajane.

"Tutauleta tena alasiri," alisema. "Tumebadilisha kifungu cha nne. Ukuta wa bwawa umesogezwa kidogo upande wa juu wa mto."

"Vizuri."

"Wewe ndiye mwanasheria hapa, Orlin, mimi sijui kitu. Hebu nieleze. Ulimwahidi Clem kwamba utanyamaza kwenye mswada upi?"

Orlin akaweka kijiko chini. "Ule wa asubuhi."

"Na huu wa alasiri, kisheria, ni uleule?"

Jamani, hapo ndipo. Angesema tu, "Royce, nenda zako," yangekwisha. Lakini mwanasheria aliyemo ndani yake alijibu kabla mtu hajajibu. "Kisheria," akasema, "kifungu kikibadilishwa ni mswada mwingine."

"Sina la kuongeza," Tillotson akasema, akanyanyuka. Kisha akakumbuka jambo, au akajifanya kakumbuka. "Chama kitahitaji jina la Mwanasheria Mkuu, Orlin. Jina lako limetajwa na watu wengi."

Alasiri karani alisoma majina tena. "Brekke." Mabomba ya joto yakagonga ukutani. Orlin akasema, "Ndiyo." Hakusimama kueleza. Jinsi alivyomwambia Harriet baadaye, neno lilimtoka dogo, kama la mtoto anayeitwa darasani na hakujiandaa. Mswada ukapita kwa kura moja, na pengine saa ileile Vosika alikuwa anatupa udongo juu ya jeneza, kwenye makaburi ambayo rafiki yake alikuwa ameyapeleka chini ya maji.

Usiku kucha alijiandalia utetezi. Kifungu cha nne, kanuni za Seneti, maslahi ya umma. Aliupanga kama hotuba ya mwisho mbele ya mahakama, akaurudia akinyoa ndevu. Jumatatu Vosika akarudi, amevaa kitambaa cheusi mkononi, akaja mpaka kwenye meza ya Orlin, akaweka sahani.

"Kaoka dada yake Adeline," akasema. "Si kama yale yake, lakini yanalika."

Orlin akachukua moja. Likamkaa mdomoni, halishuki wala halitoki.

"Mama hajambo?" Vosika akauliza.

"Hajambo. Mifupa tu."

"Baridi hii." Akaenda kukaa kwenye kiti chake.

Hayo tu! Hakutukana, hakununa, hakumwuliza. Orlin alingoja siku nzima, kisha juma zima, kisha miaka miwili, na Vosika alimsalimu kila asubuhi ya vikao na kumwuliza habari za mama yake. Nawaambia kweli, angempiga ngumi Orlin angemshukuru. Mtu akikutukana unapata pa kushika, unamrudishia, mnamaliza. Lakini sahani ile, kila Jumatatu! Orlin alikula kila andazi alilopewa, na kila moja aliliona kama dawa chungu, na hakuthubutu kukataa hata mara moja.

Wenzake wengine nao hawakusema. Ila alipotaka jozi ili aende harusi ya binti wa ndugu yake, kila aliyemwendea wa upande wa pili alisema kwa upole mwingi, "Ningependa sana, Orlin, lakini nafikiri nimeshamwahidi mtu." Wote walikuwa wameshamwahidi mtu. Harusi hakwenda. Nyumbani, kwenye mkahawa wa stesheni, wanaume waliendelea kurusha dadu naye, ila utani ulikwisha. Akishindwa walisema, "Haya, bahati mbaya," wakatazama dirishani.

Kiangazi cha mwaka wa pili aliendesha gari peke yake hadi bondeni. Ilikuwa Jumapili, na alingoja mpaka misa imekwisha na watu wameondoka, maana hakuwa na uso wa kukutana nao. Wapima ardhi walikuwa wameshapita. Vigingi vyenye utepe mwekundu vilikuwa vimepandwa kila mahali, na kimoja kilikuwa kati ya jiwe la Adeline na jiwe la mtoto fulani wa zamani. Orlin akakishika kigingi kile, akataka kuking'oa, akaona upuuzi wake mwenyewe. Seneta mzima anang'oa kijiti! Akakiacha. Akasimama pale kofia mkononi na aibu ikampanda kutoka miguuni, joto kabisa, mpaka akafungua kola ya shati.

Alipofika nyumbani alimwambia Harriet, "Kuna mswada unakuja wa kulifuta bwawa. Nitaupigia ndiyo."

"Na Uanasheria Mkuu?"

"Auchukue atakayeutaka."

Harriet, mwanamke wa maneno machache hata kwa kipimo cha hapa, akaacha kufuta vyombo. "Basi mwambie Clem."

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Alijaribu, msimwonee. Alijaribu kwenye lifti ya hoteli, wako wawili tu, akasema, "Clem," na Vosika akasema, "Eeh?" na Orlin akasema, "Theluji itaanguka leo." Tatizo lilikuwa hili: huwezi kusema "safari hii niko nanyi" bila kuitaja safari ile nyingine. Na ile hawakuwa wameigusa hata kwa ncha ya kidole. Kila akifungua mdomo aliona chumba cha makoti na mkono unaotafuta tundu la koti, akaufunga. Akajiambia haina haja ya maneno. Siku ya kura karani ataita "Brekke," yeye atasema "Ndiyo," na Clem atasikia kwa masikio yake. Hilo litakuwa ombi la radhi tosha, tena mbele ya watu wote. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini Orlin alisoma sheria, wahenga hakuwasoma.

Asubuhi ya siku ya kura, hospitali ya Halvard ikapiga simu. Gudrun alikuwa anakufa.

Habari ikaenea ukumbini kabla Orlin hajamaliza kufunga mkoba. Tillotson akatoka naye kwenye korido, na pale walikuwepo maseneta wa upande wa pili kama wanane, wanavuta sigara.

"Mabwana," Tillotson akasema kwa sauti yake ya wajane, "mama yake Orlin yuko kitandani, hatafika kesho kutwa. Nani atampa jozi?"

Mmoja akatazama majivu ya sigara yake, mwingine akatafuta kitu mfukoni. Orlin alisimama katikati yao na mkoba wake, amekuwa mwekundu mpaka shingoni, mtu wa miaka hamsini na ushee, na alitamani sakafu ipasuke.

Halafu watu wakasogea na Vosika akapita katikati.

"Nitampa mimi," akasema.

"Clem!" mmoja wa wenzake akamshika kiwiko. "Una wazimu? Huyu?"

"Mama wa mtu anakufa," Vosika akasema. "Nenda, Orlin. Mimi nitakaa kimya." Akanyoosha kile kiganja chake.

Sasa hebu niwaulize. Ulikuwa na sababu gani wewe Orlin Brekke, mtu mwenye ulimi wa kulipwa, kushindwa kusema maneno matano? "Clem, nimehama. Piga kura yako." Basi! Lakini Tillotson alikuwa amesimama begani kwake, na wale wanane wanamtazama, na kusema vile ilikuwa kama kuvua nguo mbele yao: kukiri la juzi, kukiri la leo, kukiri kwamba hakustahili mkono ule. Akauona mkono umenyooshwa, akaona kuukataa ni tusi jingine juu ya lile la kwanza. Akaushika.

"Asante, Clem," akasema. Ndiyo maneno yaliyotoka.

Gudrun alikuwa bado na akili zake alipofika. Alimtazama mwanawe kwa muda mrefu.

"Kura si ni leo?"

"Leo mchana, mama. Clem Vosika kanipa jozi."

"Yule uliyemfanyia vile?"

Miaka miwili, na huyu ndiye mtu wa kwanza kulisema kwa mdomo. Orlin akainamisha kichwa. "Ndiyo, mama. Yule."

"Umemwomba radhi?"

"Bado."

Bibi kizee akageuza uso ukutani. "Baba yako alitukana sana," akasema, "lakini akikosa alikuwa anasema."

Orlin akatoka nje kwenye korido, akaenda kwenye simu ya ukutani, akamwambia opereta amuunganishe na Seneti. Akangoja na simu sikioni. Na wakati anangoja akaanza kufikiri, na kufikiri ndiko kulikommaliza. Nitamwambia nini? Nimekuachilia, Clem, piga kura utakavyo. Naye atasemaje? Atasema, huyu wakili, safari iliyopita alitafuta kifungu cha kuvunja neno lake, leo anatafuta kifungu cha kunivunjisha langu, ili tuwe sawa. Ndivyo ningewaza mimi ningekuwa yeye, Orlin akajiambia. Opereta akasema, "Haya, zungumza bwana." Orlin akairudisha simu mahali pake.

Alasiri muuguzi alikuwa na redio ndogo mezani. Ikasema mswada wa kulifuta bwawa umekufa, kura zikiwa zimelingana. Ikasema Seneta Vosika wa Bonde la Antler alikuwemo ukumbini na hakupiga kura.

Waliokuwepo wanasimulia kwamba hesabu ilipotoka, watu wa upande wake walimzunguka Vosika kitini. Walimsihi. "Moja tu, Clem! Alikufanyia nini yule? Umesahau? Mkeo yuko kule!" Mzee mmoja wa bonde aliyekaa kwenye roshani ya wageni alilia kwa sauti, akimwita kwa Kicheki. Vosika alishika kingo za meza kwa viganja vile viwili mpaka kucha zikawa nyeupe. Akasema, "Nimempa mtu mkono." Hakusema jingine mpaka rungu la spika likagonga.

Gudrun alifariki siku iliyofuata. Baada ya ibada, kama kawaida, watu waliteremka chini ya kanisa, kwenye ule ukumbi wa chini, wakala mikate ya nyama ya nguruwe na viazi vya krimu na keki za wanawake wa Ushirika wa kanisa. Orlin alikuwa mlangoni akipokea mikono alipomwona Vosika anashuka ngazi, theluji mabegani, ameendesha kutoka bondeni kwenye barabara iliyokuwa imeyashinda hata magari ya barua. Amebeba sahani. Akawapa wanawake wa jikoni, akaja kumpa Orlin pole, akachukua kikombe cha kahawa akasimama naye karibu na kabati la vitabu vya nyimbo.

"Alikuwa mama mwema," Vosika akasema.

"Alikuwa mama mwema."

Wakanywa kahawa. Na pale, sijui ni maneno ya bibi kizee, sijui ni kule kuchoka tu, kitu kikakatika ndani ya Orlin.

"Clem, mimi nilikosa. Ile mara ya kwanza. Nilikupa mkono nikauvunja, na kile kifungu cha nne kilikuwa uongo, nilijua ni uongo nilipokuwa nakisema. Sijalala vizuri tangu siku ile. Naona aibu mpaka kukutazama."

Vosika akaitikia kwa kichwa polepole. Macho yalikuwa yamemlegea, ungesema mtu aliyetua mzigo. "Hilo nilikusamehe zamani, Orlin. Ulitaka cheo. Mtu kutaka cheo ninakuelewa, hata mimi nilitaka shamba la jirani yangu miaka ishirini." Akamgusa bega. "Nilikuwa nangoja tu useme."

Angeishia hapo! Lakini mtu akishaanza kutapika hachagui.

"Na safari hii nilikuwa na ninyi," Orlin akasema. "Ningepiga ndiyo. Nilishaamua tangu kiangazi. Hata Harriet anajua."

Mkono uliokuwa begani ukabaki pale, lakini ukawa mzito.

"Ungepiga ndiyo."

"Ningepiga."

"Ulipokuwa unanishika mkono kwenye korido, ulijua kwamba ungepiga ndiyo."

"Nilijua."

"Basi jozi haikuwepo." Vosika alisema taratibu, kama mtu anayehesabu ng'ombe zizini na mmoja hayupo. "Nilikaa kimya bure. Wanamlilia Adeline masikioni mwangu, na mimi nimekaa kimya bure. Kwa nini hukusema?"

"Niliona aibu, Clem."

Karibu nao wanawake walikuwa wanakata keki na kuulizana nani anataka kipande cha pembeni. Vosika akautoa mkono begani. Akatazama ndani ya kikombe chake, akakinywa chote kwanza, maana kwetu kahawa ya msiba haiachwi, akakiweka juu ya kabati.

"La kwanza nililisamehe," akasema. "Hili silielewi, Orlin. Nitajaribu, lakini silielewi."

Akaenda mlango wa jikoni akawashukuru akina mama kwa chakula, akawaambia sahani wabaki nayo. Kisha akachukua koti lake na kupanda ngazi akiwa bado analivaa, na Orlin aliyekuwa amemfuata hatua mbili ili amsaidie akasimama, akarudi mlangoni kuendelea kupokea mikono ya watu.